Lori Lilikuwa Nyumba

Kuna familia husafiri na watoto kwa gari lenye vitanda na jiko ndani. Yetu ilikuwa lori la mahindi, Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi Kenya. Nilikuwa na miaka saba, mdogo wangu miwili.

Siku mbili tulikaa mle, na Mama alilipanga kama nyumba kweli. Magodoro mbele, hapo ni chumba cha watoto. Sufuria na jerikeni katikati, jikoni. Nyuma kabisa ndoo yenye kifuniko, leso imetundikwa, hicho ni choo. "Mtoto akijua pa kulala, hasumbui," alikuwa akisema.

Busia tulishuka. Mizigo ikavushwa na baiskeli za boda boda, zile zilizopata jina lao hapa mpakani. Lori likageuza kurudi. Mdogo wangu akalia, "Nyumbani! Nyumbani!" akilionyesha kidole. Nyumba yetu ya kweli ilikuwa imeshachomwa. Yeye alilia ya pili.

Upande wa Uganda tulibebwa na lori lingine hadi kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo. Hata kabla halijaondoka, Mama alikuwa ametandika godoro, jerikeni katikati. Mtoto akanyamaza. Baadaye mwaka huohuo wengi walihamishiwa Kiryandongo. Mama akapanga tena vilevile.

Nyinyi mnaopokea familia leo, kabla ya maswali ya fomu, muonyesheni mtoto pale atakapolala. Vijana wenzangu, mkiwa na wadogo zenu safarini, wapangieni kona yao, hata kama ni ya usiku mmoja.