Treni Juu ya Meza ya Chakula



Katika miji yetu ya madini mutoto anajua sauti ya treni mbele ya kujua kusoma. Njia ya chuma ilifika Lubumbashi mwaka wa 1910, ikitokea upande wa Sakania. Katika 1918 ikafika Bukama, na katika 1931 ile inayotoka Tenke kupita Dilolo ikaungana na njia ya Angola. Babu zetu wengi walifika huku kwa treni, na kambi nyingi zilijengwa kandokando ya reli. Kwa hiyo watoto wanacheza pale. Wanaweka musumari juu ya reli kusudi treni iuponde uwe kisu, wanarukia vagoni zinazokwenda polepole. Ninyi wenyewe munajua ni nyumba gani zimelia juu ya michezo ile.

Mutoto wa mudogo wangu alifika kwetu mwaka wa 2021, akiwa na miaka kumi. Baba yake alikuwa mutu wa treni, kazi yake ilikuwa kugeuza njia za reli kwenye stasio, na ugonjwa ulimuua. Mutoto hakulia kwenye matanga. Kwetu alijibu ndiyo ao hapana, basi. Kisha masomo alikwenda moja kwa moja kuketi kati ya vagoni zilizosimama. Bibi yangu alimufuata mara mingi na kumurudisha kwa mukono, na kesho yake anarudi tena. Wengine walishauri fimbo. Mimi niliona kwamba fimbo haiwezi kumwondoa mutoto pahali anapomutafuta baba yake.

Kulikuwa katoni moja iliyoachwa na wamisionere walipokwenda kwao Ulaya. Ndani yake mulikuwa kamashini ka treni ka umeme, vagoni tatu, vipande 12 vya reli ya kupinda, vinne vya kunyooka, na kile kipande cha kuachanisha njia ambacho watu wa treni wanakiita egwiye. Nikamwambia mutoto: “Tujenge Tenke hapa nyumbani.” Tenke ni pahali njia inagawanyika, moja inakwenda Bukama na Kamina, ingine Kolwezi. Egwiye yetu moja ilitosha kwa kuonyesha ile.

Bibi yangu akauliza: “Na tutakulia wapi?” Ni ulizo la haki. Tulitengeneza ubao wa tripleksi wa kuweka juu ya meza ya chakula na kuusimamisha nyuma ya kabati wakati wa kula. Vipande 12 vya kupinda vinafanya muzunguko wa karibu sentimeta 72, kwa hiyo ubao unataka upana wa 90, na urefu wa mita 1 na 30. Chini yake pigilia miti miembamba, maana ubao ukijipinda kidogo tu, vagoni zinaachana.

Kisha ikafika hesabu. Mashini za namna hii zinapunguzwa mara 87, kwa kipimo cha reli za Ulaya. Lakini reli zetu ni nyembamba kuliko zile, milimeta 1067. Ile njia ya kuchezea iko na milimeta 16 na nusu. Ukigawanya unaona kwamba kwa treni ya kwetu inafaa kupunguza vitu mara 64. Basi mulango wa mita 2 ulikuwa sentimeta 3 na kidogo, na mutu sentimeta 2 na nusu hivi. Kamashini kalionekana kafupi mbele ya watu wetu wa katoni, lakini hakuna mutu aliyekalalamikia.

Umeme unapita katika reli moja, unaingia mashini kwa magurudumu, unarudi kwa reli ya pili. Ndiyo maana reli mbili zisiguse kitu kimoja cha chuma, treni itasimama. Transfo ilikuwa imepotea, na kwetu kuran inakatika kila mara, kwa hiyo tulitumia mawe ya redio. Mawe 8 ya volti 1 na nusu yanatoa 12, lakini kwa 12 mashini inakimbia na kuanguka pa kona. Mane ao matano yanatosha. Ukibadilisha nyuzi mbili, treni inarudi nyuma. Angalisho kwa wazazi: umeme wa ukuta usiunganishwe na reli hizi hata siku moja, utaua mutoto.

Vilima tulifanya kwa magazeti na uji wa unga, na juu yake udongo wa kichuguu. Mutoto alileta jiwe la malakiti alisage kwa kufanya majani. Nilikatala, vumbi la mawe ya madini si kitu cha kuvuta katika mapafu. Tulichukua unga wa mbao wa seremala tukautia rangi. Kokoto za njia zilikuwa muchanga uliochujwa.

Muchanga ule ndio ulifungua kinywa chake. Treni ilikuwa inaanguka kila mara pa egwiye. Nilikuwa naangalia magurudumu, yeye akainama, akaomba sindano, akatosha chembe moja ya muchanga. Akasema: “Baba mukubwa, ulimi haukufunga. Papa alikuwa anasema, ukiacha kajiwe hata kadogo pale, gurudumu inapanda juu.” Kisha akaeleza taa ya baba yake, ule wenzo muzito wa kuvuta kwa mikono mibili, namna alimuruhusu kuushika siku moja. Bibi yangu alisimama pa mulango na sahani, hakuingia. Usiku ule mutoto alilia sana, tukamuacha alie.

Sisemi kwamba aliacha vagoni siku ile. Alirudi kule mara mbili. Lakini rafiki zake walianza kuja kwetu, na muzee moja wa kanisa, mustaafu wa treni, naye akaja kila siku ya posho kuwafundisha alama za bendera na taa. Ni yeye aliwaonya: treni ya meza inasimama mara moja ukikata umeme, ile ya kweli hapana. Treni nzito yenye mwendo inaweza kutaka mita 500 na zaidi. Watoto wakagawanya kwa 64, wakapata karibu mita 8. Wakapima kamba: ilitoka pa meza, ikapita mulango, ikavuka lupango, ikaishia kwenye muti wa avoka. Waliangalia kamba ile muda murefu. Kijana moja, ambaye najua alikuwa anarukia vagoni, aliuliza kama dereva anaweza kumuona mutu pa umbali ule. Muzee akasema: “Anaweza kukuona. Hana la kufanya.”

Sasa mutoto anataka egwiye ya pili, kusudi vagoni za Kolwezi zipate pa kungojea. Haipatikane sokoni. Muzee anajaribu kuchonga ulimi wake katika bati la mukebe, na wa kwanza ulivunjika. Wanaendelea siku ya posho.