Beni: Karatasi safi ya parke haimlindi mtoto peke yake

BENI – Mtu akitaka kufanya kazi na watoto katika kambi za wahami hapa Beni, kitu cha kwanza anachoombwa ni makaratasi. Barua ya kuomba kazi, kopi ya diplome, karte ya uchaguzi, cheti cha mwenendo mwema kutoka komini na, kwa mashirika makubwa, kasie judisieri, yaani ile karatasi inayoonyesha kama korti imekwisha kumhukumu. Anapanga yote ndani ya bahasha ya kaki na kupeleka kwenye ofisi. Bahasha ikiwa kamili, watu wanapumua. Wanasema huyu ni mtu mzuri, apewe filimbi na mpira, watoto wamfuate.

Hapo ndipo wazazi wengi wanadanganyika. Si kosa lao, kwa sababu hakuna aliyekaa nao kuwaeleza karatasi ile inasema nini, na juu ya nini inanyamaza.

Tuanze na cheti cha mwenendo mwema. Burgumestre hawezi kujua tabia ya kila mkaaji wa komini yake. Kwa kawaida ofisi inategemea neno la shefu wa kartie, na huyo naye anategemea neno la shefu wa avenyu. Mahali ambapo majirani wamekaa pamoja miaka makumi mbili, neno hilo lina uzito. Lakini mtu aliyefika miezi mitatu iliyopita, godoro kichwani, akitoka Kamango ao Mambasa, shefu wa avenyu atasema nini juu yake? Atasema hajamwona akigombana na mtu. Ni kweli, lakini haitoshi.

Kasie judisieri ina nguvu zaidi, ila nayo inaonyesha hukumu peke yake. Haionyeshi mtu aliyeshtakiwa halafu akaachiliwa kwa sababu shahidi alikimbia vita. Haionyeshi mwalimu aliyefukuzwa kimya kimya na shule ili jina la shule lisichafuke. Na hapa Beni kuna sababu nyingine ambayo kila mkaaji anaijua. Gereza la Kangbayi lilishambuliwa mwezi wa sita mwaka 2017 na watu zaidi ya 900 wakatoroka. Likashambuliwa tena tarehe 20 mwezi wa kumi 2020, na mara hii wakatoka zaidi ya 1.300. Si kila aliyetoka Kangbayi ni mwovu. Katika magereza ya nchi hii wengi wamelala humo muda mrefu bila kuhukumiwa. Lakini ndiyo maana yake pia: aliyetoroka kabla ya hukumu, faili yake ilisimama pale pale, na kasie yake haina cha kuonyesha. Mwezi wa kwanza 2025 gereza la Munzenze la Goma nalo likabaki tupu wakati M23 ilipoingia mjini. Leo madaftari ya parke ya Goma yako upande wa pili wa mstari wa vita, wakati watu waliotoka huko wanatafuta kazi na makaratasi huku Beni.

Hata hivyo vita si sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza ni mbuzi.

Kila mtu anajua jinsi mambo yanavyokwenda. Msichana wa miaka 14 anarudi nyumbani analia. Mama anajua, anamwambia baba. Baba anataka kwenda polisi. Kabla hajafika barabarani, wajomba wa upande mwingine wamekwisha fika na wazee wawili na mtu wa kanisa. Wanasema tusiharibu jina la familia mbili, huyu kijana ameanguka kama binadamu yeyote, na mtoto wenu mkimpeleka mbele ya korti nani atamwoa? Wanaleta mbuzi, wanaongeza dola, mara nyingine dola zinazolingana na deni ambalo baba alikuwa nalo dukani. Wanaandika kwenye karatasi ya kaye, wote wanatia sahihi. Msichana haulizwi kitu. Hata mbuzi haonji.

Mwaka unapita. Yule mtu amehamia kwingine, na anasikia shirika fulani linatafuta vijana wa kuongoza michezo ya watoto. Anaomba kasie yake. Inarudi na neno moja la Kifaransa, néant, yaani hakuna kitu. Karatasi haikusema uongo. Haikuandikwa chochote, basi haina la kusema. Waliomsafisha ni wale waliokaa kwenye vile viti vya plastiki siku ya mbuzi.

Na sheria haikuwaruhusu. Sheria namba 06/018 na 06/019 za tarehe 20 mwezi wa saba 2006 zilibadilisha namna ya kushughulikia kesi za kubaka. Hata afisa wa polisi ao wa parke hana ruhusa ya kumaliza kesi ya namna hiyo kwa kumlipisha mtu faini na kumwachilia. Uchunguzi wa kwanza unapaswa kuisha ndani ya mwezi mmoja, hukumu ndani ya miezi mitatu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, ile ya ulinzi wa mtoto, inasema mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na anayembaka mtoto anastahili kifungo cha miaka 7 mpaka 20. Sheria za 2006 zinaongeza uzito wa adhabu ikiwa aliyetenda ni mwalimu ao mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto. Ni kweli pia kwamba miezi mitatu hiyo, kwa familia nyingi, inageuka miaka. Ndiyo sababu mbuzi ana nguvu: anafika haraka kuliko jaji.

Beni imekwisha kuona kinachotokea wakati watu wanaajiriwa mbio mbio na hakuna anayeuliza. Ebola iliyotangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018 iliua watu zaidi ya 2.200 kabla ya kwisha mwezi wa sita 2020. Kazi zilikuwa nyingi, mikataba mifupi, magari kila kona. Baadaye wanawake na wasichana wakaanza kusema kwamba wanaume waliokuja na mavazi ya mashirika waliwaomba mwili kwa kuwaahidi kazi. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliunda tume, na mmoja wa wanawake wawili walioiongoza alikuwa mkongomani, Julienne Lusenge, anayejulikana huku kwa kazi yake na SOFEPADI. Ripoti ilitoka tarehe 28 mwezi wa tisa 2021. Ilihesabu watuhumiwa 83, na kati yao 21 walithibitishwa kuwa waliajiriwa na OMS. Wengine walikuwa madereva, wengine madaktari. Haiwezekani kufikiri kwamba makaratasi ya wote yalikuwa machafu siku walipoyapeleka.

Mashirika yenyewe yalijua ugonjwa huu. Mwaka 2018 dunia ilisikia habari za wafanyakazi wa Oxfam huko Haiti, na jinsi baadhi ya waliohusika walivyopata kazi kwingine bila mwajiri mpya kuelezwa. Kutoka mwezi wa kwanza 2019 mashirika mengi yaliingia katika mpango wa kuulizana: kabla ya kumwajiri mtu, wanamwandikia mwajiri wake wa zamani na kuuliza kama katika miaka 5 iliyopita alipatikana na kosa la unyanyasaji wa kingono, ao kama kuna uchunguzi juu yake. Umoja wa Mataifa nao una orodha yake. Ni kazi nzuri. Lakini inafanya kazi kati ya wale waliotia sahihi. Ekipe ya mpira ya kartie haimo. Kwaya ya watoto haimo. Shirika dogo lililozaliwa juzi, ofisi yake ni chumba kimoja na muhuri, mara nyingi halijui hata kwamba mpango huo uko.

Basi kazi ya kuuliza inabaki mikononi mwa wazazi. Katika kambi moja ya komini ya Mulekera, mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, aliyekimbia upande wa Eringeti na watoto watano, alichaguliwa kuongoza kamati ya wazazi. Anauza unga wa mihogo, na shule aliacha katika mwaka wa pili wa sekondari. Shirika lilipoleta kijana wa kuongoza michezo, bahasha yake ilikuwa kamili kabisa. Mama prezida aliitazama, akairudisha, halafu akauliza, “Mwanangu, kabla ya hapa ulikuwa na watoto wa wapi?”

Kijana alitaja kambi nyingine. “Na mkubwa wako huko alikuwa nani? Nipe hesabu yake ya simu.”

Akasema simu iliibiwa, hesabu zote zilipotea. Mama prezida akajibu kwamba hakuna shida, yeye ana dada wa kanisa katika kambi ile, atauliza. Kuanzia siku ile kukawa na maneno. Wazazi wengine walisema anafunga njia ya watoto, kwamba shirika litachukua mipira na biskuti zake na kuzipeleka kwenye kambi nyingine. Mfanyakazi wa shirika alimwambia kwa heshima, “Mama, huyu amekwisha kupita kila kitu.” Naye akamjibu kwa heshima ile ile kwamba makaratasi yamepita kwa shirika, lakini kwa wazazi hayajapita bado.

Jibu lilichukua siku tisa. Dada wa kanisa alimpata mzee mmoja wa kamati ya huko, na mzee akasema, “Aliondoka mwenyewe. Mengine hayasemwi kwa simu.” Ni hayo tu. Si ushahidi, na mama prezida hakuufanya kuwa ushahidi. Hakumtaja kijana kwa sauti mbele ya watu, hakumwita mbakaji. Katika mji ambao umati unaweza kumchoma mtu kwa neno moja la uongo, alijua uzito wa ulimi wake. Aliliambia shirika kwamba kamati haiko tayari kumkabidhi huyu watoto mpaka mkubwa wake wa zamani aandike. Hakuna aliyeandika. Kijana aliacha kuja. Baadaye mtu alisema amepata kazi upande wa Butembo, mwingine akasema Bunia. Pengine hana kosa lolote. Pengine iko mbuzi mahali fulani. Bahasha yake, popote alipo, ingali kamili.

Wakubwa wengine wanachukia maulizo ya namna hii. Mchungaji anasema, mimi niulizwe? Kocha anasema, nimelea vijana wa kartie hii miaka kumi. Wakumbuke Kavumu, huko Kivu ya Kusini, ambako watoto wa kike wadogo sana walikuwa wakichukuliwa usiku na kubakwa. Mwezi wa kumi na mbili 2017 korti ya kijeshi ilimhukumu mbunge wa jimbo pamoja na wenzake kifungo cha maisha. Alikuwa na cheo, na cheo hakikujibu neno kwa ajili ya wale watoto. Anayependa watoto kweli hawezi kukasirika mzazi akimwuliza alikotoka.

Kuna upande mwingine ambao hausemwi sana. Kijana mhami ambaye nyumba yake iliungua na makaratasi yake yote hana pesa ya kurudia kila cheti, wala ya taksi-moto ya kuzunguka maofisi. Mara nyingi ni yeye anayebaki nje, na mwenye pesa anaingia. Kamati ikijua kuuliza watu, inaweza kumpokea huyo maskini kwa neno la watu watatu waliomjua kijijini, wakihojiwa kila mmoja peke yake.

Kamati ya yule mama sasa inafuata mambo machache, na haikungoja msaada wa mtu. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mmoja. Wanakuwa wawili, na mmoja ni mwanamke. Turubai la mlango linabaki wazi. Hakuna kumtuma mtoto nyumbani kwa mwenye kuongoza michezo, hata kuchota maji. Zawadi zinatolewa mbele ya wote. Jina la kila anayekuja kufanya kazi na watoto, kambi alikotoka na jina la mkubwa wake linaandikwa kwenye kaye, na kaye hiyo inalala kwa mama prezida, si katika ofisi ya shirika, maana mashirika yanaondoka. Watoto wenyewe wameambiwa kwamba mtu mkubwa akisema “hii ni siri yetu,” waje kuisema siku ile ile.

Na jambo likitokea, mtoto apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kumkinga na virusi vya ukimwi hazifanyi kazi baada ya hapo. Asioshwe, nguo zisifuliwe. Kisha polisi ya ulinzi wa mtoto ao parke. Wajomba wakifika na wazee na mbuzi, wapewe kiti, wapewe maji, na waambiwe faili imekwisha funguliwa.

Kamati inakutana kila siku ya posho saa tisa. Wiki iliyopita walifika wanaume wawili kuomba kufundisha watoto mpira. Mmoja alitoa hesabu tatu za simu bila kuombwa. Mwingine alisema atarudi.