Bakuli tupu si kipimo cha malezi mema

Msomaji, iwapo una mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, bila shaka unavijua vyema vita vya bakuli. Uji umepoa, kijiko ki mkononi, naye mtoto amefumba kinywa na kugeuza uso. Unambembeleza, unamwimbia, unamtishia paka wa jirani. Mwishowe uji unamwagika na nyote wawili mko karibu kulia.

Nimelea watoto watatu hapa Nairobi na hakuna hata mmoja ambaye hakunipitisha njia hiyo. Kilichonituliza ni kufahamu jinsi mwili wa mtoto unavyokua. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha takriban kilo 9 anapotimiza mwaka mmoja. Katika mwaka wa pili, huongeza kilo 2 au 3 hivi tu. Kwa hivyo, ni kawaida hamu yake ya chakula kupungua. Isitoshe, huo ndio wakati anapojifunza kutembea na kusema "sitaki".

Hata hivyo, wapo wanaomlaza mtoto magotini, wakamziba pua na kummiminia uji anapofungua kinywa apumue. Mama mkwe alipotutembelea, alisema hivyo ndivyo alivyowalea wanawe wote, akiwemo mume wangu, na akataka kumwonyesha yaya. Nilimweleza kwa heshima kwamba uji huo waweza kuingia mapafuni ukamletea mtoto nimonia, au hata ukamziba pumzi akafa. Alininyamazia kwa muda mrefu, kisha akamweka mtoto chini.

Kanuni ninayoifuata imefunzwa tangu miaka ya 1980 na mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter: mzazi aamue ni chakula gani, saa ngapi na wapi; mtoto aamue atakula kiasi gani.

Kwa upande wako basi, weka ratiba. Mpe milo mitatu kwa siku na kitu kidogo katikati, kama vile ndizi au kipande cha kiazi kitamu. Mtoto anayetafuna biskuti na kunywa soda tangu asubuhi hawezi kuwa na njaa saa saba. Maziwa pia hushibisha. Nusu lita kwa siku yatosha. Chai nayo huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma ambayo hujenga damu, hivyo usimpe pamoja na chakula.

Akitema terere leo, usikate tamaa. Mwekee kidogo tena kesho kutwa, bila kelele. Huenda akahitaji kuionja mara kumi au zaidi kabla ya kuikubali. Mwache ashike ugali na maharagwe kwa vidole vyake, hata akijipaka. Lakini usimpe njugu nzima, kwani zaweza kumsakama. Nusu saa ikipita, ondoa sahani bila kumgombeza.

Na yaya je? Wengi wetu hutoka alfajiri na kurudi usiku, na swali la kwanza tunalomwuliza ni, "Amemaliza?" Yaya anayeogopa kufutwa kazi atahakikisha bakuli ni tupu, iwe kwa hiari ya mtoto au kwa nguvu, nawe huko kazini huwezi kujua. Mimi huuliza, "Leo amekula nini? Amecheza?" Akinijibu kwamba mtoto alikataa chakula cha mchana, simkemei. Kwa sababu hiyo, huniambia ukweli.

Ukitaka kujua iwapo mtoto anakua, tazama mizani ya kliniki na mchoro ulio katika kitabu chake. Mstari ukipanda, tulia. Lakini iwapo uzani haupandi au unashuka, anatapika mara kwa mara, anakohoa kila anapomeza, au amelegea na hataki kucheza, mpeleke hospitalini bila kukawia. Hapo si ukaidi tena.

Jioni ya leo, mzazi mwenzangu, keti naye mle pamoja. Na anaposema ameshiba, mwamini.