Kiwanja cha Ndege na Jirani Zake

Sisi watu wa Kisangani hatuwezi kuidharau ndege. Njia zetu za gari ni mbovu, na mashua ya Kinshasa huchukua majuma mengi mtoni. Dawa, barua, mgonjwa wa haraka, vyote twategemea ndege. Kwa hiyo mtu akilalamika juu ya kiwanja cha ndege, wengi humcheka: "Wataka turudi kutembea kwa miguu?" Mimi simcheki, na sababu zangu ni hizi.

Mji wetu una viwanja viwili. Cha zamani ni Simisini, upande wa magharibi, pale walipotua askari wa miavuli wa Ubelgiji tarehe 24 Novemba 1964. Baadaye kikajengwa kikubwa, Bangoka, upande wa mashariki, yapata kilometa 17 toka mjini. Lakini sisi wanadamu ndivyo tulivyo: penye barabara patatokea duka, na penye duka patatokea nyumba. Basi mwaka jana shemeji yangu alipata habari ya parseli upande ule wa ndege, bei nafuu. Akaniuliza, "Shemeji, ninunue?"

Nilimjibu kwanza kama mwalimu. Huko Ujerumani, mji wa München ulihamisha kiwanja chake mwaka 1992. Wataalamu waliwapima watoto wa pande zote mbili, kabla ya kuhama na baada yake. Wale wa kiwanja cha zamani, kelele zilipokwisha, walisoma na kukumbuka vizuri zaidi. Wale wa kiwanja kipya wakarudi nyuma. Tazameni basi: kelele haikufa, ilihama tu, ikapata watoto wengine.

Pili ni hatari. Tarehe 8 Januari 1996, ndege iliyolemewa na mzigo ilishindwa kupaa katika kiwanja cha N'dolo, Kinshasa, ikaingia katika soko la Simbazikita. Walikufa watu zaidi ya 200, na karibu wote walikuwa sokoni. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege nyingine ilipita mwisho wa njia yake huko Goma, ikaangukia mtaa wa Birere. Mama aliyekuwa akiuza unga hakuwa na tikiti ya ndege, lakini alikufa kwa ndege.

Tatu ni karatasi. Sheria ya mwaka 1973 yasema ardhi yote ni mali ya serikali. Lakini Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 34, yasema mtu asinyang'anywe mali yake ila kwa faida ya wote, naye alipwe kwanza malipo ya haki. Neno "kwanza" ni kubwa. Huko Kipawa, Dar es Salaam, mali ya wakazi ilithaminiwa mwaka 1997 ili kiwanja kipanuliwe, nao wakangoja malipo zaidi ya miaka 10. Hebu fikiri: nyumba huijengi kwa kuwa utahamishwa, wala huhami kwa kuwa hujalipwa. Paa lavuja, nawe walitazama tu.

Je, wakazi wafanye nini? Huko London, jirani za kiwanja cha Heathrow walipinga njia ya tatu ya ndege. Walikutana, wakaandika, wakatafuta mawakili. Tarehe 27 Februari 2020 wapinzani wa njia hiyo walishinda mahakamani. Tarehe 16 Desemba mwaka ule ule mahakama ya juu ikawakatalia. Walishindwa, lakini hakuna aliyeweza kusema hawakusikiwa. Kelele ya watu wengi bila karatasi hupita kama mvua ya jioni.

Shemeji hakununua. Lakini wengine wamekwisha nunua, nao ni ndugu zetu. Nasema nao hivi: msiombe kiwanja kifungwe, maana nasi twakihitaji. Ombeni mpaka uwekwe wazi, kwa mawe yanayoonekana, kabla ya kujenga nyumba nyingine. Ombeni usiku uwe wa kulala. Tunzeni karatasi zenu mahali pakavu. Tena nendeni kwa mkubwa wa mtaa mkiwa wengi, pamoja na orodha ya majina, ingali mapema. Maana trekta ikishafika mlangoni, hapana anayesoma barua.