Mvuvi wa Choshi

Miongoni mwa picha zote zilizochongwa katika ubao na kupigwa chapa nilizopata kuziona vitabuni, hakuna iliyonishika kama "Mvuvi" ya Kanae Yamamoto wa Japani. Picha yenyewe ina rangi mbili tu. Mvuvi amesimama, nusu ametupa kisogo, akiitazama bandari. Havuti nyavu wala hapigi kasia, ametulia tu. Aliyekulia pwani anaifahamu hali hiyo ya mtu wa bahari awapo nchi kavu.

Yamamoto aliitoa mwaka 1904, akiwa bado mwanafunzi, kutokana na mchoro alioufanya katika mji wa Choshi. Kwa zaidi ya karne mbili Wajapani walikuwa wamegawana kazi hiyo: mmoja alichora, wa pili alichonga ubao, wa tatu alipaka wino na kupiga chapa, na sifa aghalabu zilimwendea mchoraji. Yamamoto, ambaye tangu utotoni alikuwa amefunzwa kuchonga picha za vitabu, alifanya yote matatu kwa mikono yake mwenyewe, na alama za patasi hakuzificha. Nadhani haikuwa sadfa kwamba mkono huo wa fundi ulimchagua mvuvi, badala ya waigizaji mashuhuri na warembo waliozoeleka katika picha za namna hiyo.

Mwaka 1916, akirejea kutoka Ufaransa, alipitia Urusi, akaona huko kazi za mikono za wakulima na michoro ya watoto. Mwaka 1919, katika mkoa wa Nagano, aliandaa maonyesho ya michoro ya watoto, akaanza na kuwafundisha wakulima sanaa za mikono katika miezi ya baridi, mashamba yanapolala. Shule za Japani zilikuwa zikiwataka watoto wanakili picha za kitabu; yeye alitaka wachore walichokiona kwa macho yao.

Hapo ndipo anaponigusa. Sisi nasi tulinakili chungu alichokichora mwalimu kwa chaki, na chungu chenyewe kilikuwa jikoni, hatua thelathini kutoka darasani. Kipande cha mbao laini, kisu kikali na wino kidogo vyatosha kuanzia; na mtu wa kuchorwa hakosekani. Mpishi wa shule, akishagawa chakula, huketi juu ya gogo nyuma ya jiko, mikono magotini.