Jumapili Yetu Juu ya Mto, na Mtumbwi Usio na Namba



Jumapili moja ya likizo tulivuka kwenda Lubunga: sisi walimu watatu, wamama saba wa likelemba yetu, na watoto kumi na mmoja. Hatukuwa na shauri la soko wala la kilio. Tulikuwa tunatembea tu. Ninyi mnaoishi Kisangani mnajua kwamba kwetu mto ni barabara. Mtu anaupanda na mihogo, na makaa, na mgonjwa. Ukimwambia jirani kwamba unaupanda kwa raha, atakuuliza mara mbili kama umesema kweli.

Lakini raha ipo. Ukitoka upande wa Makiso, kanisa kuu linabaki nyuma yako pale ukingoni, na upepo unakuja usoni bila vumbi hata kidogo. Tulimwomba mwenye mtumbwi atupandishe kuelekea Wagenia, hadi pale maji yanapoanza kunguruma na watoto wanapoanza kushikana mikono. Nguzo za mbao zinaonekana zimesimama katikati ya mawe, na vikapu vikubwa vya kutegea samaki vinaning'inia. Tuliwaeleza watoto kwamba hapo ndipo mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, na kwa sababu ya hayo maporomoko watu walijenga reli ya kilomita 125 kutoka upande wa Lubunga hadi Ubundu. Kwa kuteremka, chombo kinaweza kwenda hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, bila kukuta poromoko. Somo la jografia lilikuwa zuri kuliko lile la ubaoni.

Hapo msichana mmoja wa mwaka wa tano akauliza: "Mwalimu, pikipiki ya baba ina namba. Namba ya mtumbwi huu iko wapi?"

Mwendeshaji akacheka. Sisi tukatazama. Ubavuni kulikuwa na maneno ya sala yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu, basi. Namba hakuna. Jile ya kuokolea hakuna hata moja. Tukajihesabu: pamoja na mwendeshaji na msaidizi wake tulikuwa watu 23, na hakuna mtu yeyote, ng'ambo hii wala ile, aliyekuwa ameandika majina yetu.

Wote tulikuwa tunafikiria jambo lile lile, ila hatukulisema mbele ya watoto. Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Aprili 2025 HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka, na hesabu ya waliokufa ikawa inabadilika siku kwa siku. Mama anayemtafuta mtoto wake baada ya ajali kama hiyo anauliza kwanza: je, alipanda? Kama hakuna orodha, hakuna wa kumjibu.

Tunawaandikia haya kwa sababu likelemba yetu ilikuwa imeshaanza kuweka pesa ya kununua mtumbwi wa moteri: siku za kazi ututolee mavuno ng'ambo, Jumapili utupeleke kutembea na watoto. Tulidhani chombo kidogo cha kutembelea hakihitaji karatasi. Wiki iliyofuata wawili wetu walienda kuuliza kwa komiseri wa mto.

Sheria ya usafiri wa mito na maziwa ni ya tarehe 14 Machi 1966, mwaka ule ule Stanleyville ilipoitwa Kisangani. Ni ya zamani kutushinda sisi sote! Kwa ufupi, chombo kinaandikishwa kama mtoto anavyoandikishwa. Kinapewa namba, na namba inachorwa ubavuni ili isomeke. Mwenye chombo analeta ushahidi wa kununua na kitambulisho chake. Halafu kuna karatasi nyingine, ambayo wengi wanaichanganya na ile ya kwanza: cheti kwamba chombo kinafaa kwenda majini. Hicho kinatolewa baada ya chombo kukaguliwa, na kinakwisha muda. Mtumbwi unaweza kuwa na namba nzuri na mbao zilizooza. Kwa hiyo ulizeni zote mbili. Na pesa ya Leta inaenda na risiti, mkononi hapana.

Kuhusu jina ndipo tulipogombana. Muuzaji mmoja kule bandarini alituambia kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kuandikwa mwenye chombo mpaka mume wake asaini. Mama mmoja kati yetu alikuwa tayari kurudi nyumbani kumwomba. Ni kweli Sheria ya Jamaa ya 1987 ilidai ruhusa ya mume. Lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa sharti hilo. Kuongea na mume nyumbani ni vizuri, hatukatai, na wengi wetu tuliongea. Lakini sahihi yake si ufunguo wa mali yenu.

Basi tuandike jina la nani? Kikundi chetu bado hakina utu wa kisheria, hivyo hakiwezi kuandikwa chenyewe. Wengine walitaka jina la mweka hazina. Yeye mwenyewe alikataa, akasema, "Nikifa, watoto wangu watagombana na ninyi." Tulikaa kimya kidogo. Mwishoni tulikubaliana kwanza kutafuta karatasi za kikundi, hata kama mtumbwi utachelewa, na kuandika katika buku majina ya wamama wote na franka za kila mmoja, kila mtu akitia sahihi au kidole chake.

Mwendeshaji wa Jumapili ile hatukumkosea heshima, alituvusha vizuri. Tulimwambia tu kwamba hatutapanda tena na watoto bila jile, naye alisema bei yake ni kubwa. Ni kweli. Tumeanza kununua zetu wenyewe, moja moja, za watoto kwanza. Mpaka leo ziko tisa, zimetundikwa nyuma ya mlango wa mweka hazina. Yule msichana kila Jumatatu anatuuliza namba ya mtumbwi wetu itakuwa ngapi.