Mtumbwi Unapoingia Majini, na Unapotoka

Ukitoka milima ya Masisi na kuelekea upande wa jua kushuka, unaacha nyuma malisho ya ng'ombe na mashamba ya viazi, unatelemka mpaka unaingia katika pori kubwa la Walikale. Mito nayo inatelemka pamoja nawe. Lowa unatoka kule milimani, unapita Walikale, kisha unaendelea magharibi mpaka unajitia ndani ya Lualaba kabla ya kufika Ubundu.

Tangu mwaka 2002, kasiterite ilipoanza kuchimbwa Bisie, watu wengi wamekuja Walikale kutoka sehemu za milima. Wanajua nyundo na sururu, lakini wengine hawajui kuogelea. Siku ya kwanza wanasimama pembeni ya mto, wanatazama katikati, pale maji yanapokimbia, na wanaogopa pale. Lakini waulize wenye mitumbwi. Watakuambia: tazama kwanza hapa chini ya miguu yako, maana hatari nyingi ziko pembeni.

Kazi ya mikono mingi

Mtumbwi hauzaliwi mtoni. Unachongwa porini, pale mti ulipoangukia, kwa shoka na tezo. Pengine kutoka pale mpaka majini ni mwendo mrefu. Basi wanaume wa kijiji wanaitwa. Wanapanga miti ya mviringo njiani, wanafunga kamba, na mtu mmoja tu anatoa sauti. Akiimba, wote wanavuta. Akinyamaza, wote wanapumzika. Kama wawili wanaamuru, mtumbwi unageuka upande na unaweza kuvunja mguu wa mtu.

Nchi yetu iliona kazi hiyo tena kwa ukubwa wa ajabu. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta boti mbili za mashine, Mimi na Toutou, kila moja na urefu wa mita 12 hivi, ili kupigana na meli za Wajerumani katika ziwa Tanganyika. Zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, pale ambapo leo wanachimba shaba na kobalti. Kutoka pale ziliwekwa juu ya matrela na kuvutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu, kupita milima ya Mitumba. Kisha treni tena, mto Lualaba, na treni nyingine mpaka ziwani, pale tunapoita leo Kalemie. Mwezi wa Desemba zikatiwa majini. Jina la mkubwa wao, Spicer-Simson, limeandikwa vitabuni. Majina ya mamia ya Wakongomani waliokata njia na kujenga madaraja hatuyasomi.

Namna ya kuingia

Unapotaka kuvuka, tafuta upande wa ndani wa kona ya mto. Pale maji yanatembea polepole na mchanga unajikusanya. Upande wa nje maji yanakula ukingo, na udongo unaweza kukuangukia. Tazama juu ya mto kama hakuna gogo linalokuja. Mtumbwi unasukumwa, na pua yake inaelekezwa kule maji yanapotoka. Mzigo unawekwa chini na katikati. Wewe unapanda umeinama, mikono miwili ikishika kingo mbili, unaweka mguu katikati na unakaa mara moja. Hapana kuruka. Hapana kusimama ili kumwaga mtu aliyekusindikiza!

Mzigo unaodanganya

Sasa sikilizeni, ninyi jamaa za wachimbaji. Kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Mfuko wake wa kilo 50 ni mdogo machoni. Unaona mtumbwi bado mtupu, unasema: mama mmoja na mtoto wataenea. Ni hapo jicho linakudanganya. Usitazame ndani ya mtumbwi, tazama nje. Kama kati ya maji na ukingo hapabaki hata shubiri moja, teremsha mzigo. Mwenye mtumbwi akisema "imejaa, baba, ngoja nitarudi", hakunyimi njia. Usimwongezee pesa ili abadilishe neno lake.

Namna ya kutoka

Kufika ni vigumu kuliko kuondoka. Watu wamechoka, wanaona nchi kavu, wote wanataka kuteremka pamoja. Mpiga kasia anajua: anaacha mtumbwi upite kidogo, anageuza pua kule maji yanapotoka, anakaribia polepole. Mtu wa mbele anateremka na kamba. Wengine wanabaki wamekaa mpaka pua ishike mchanga. Ndipo wanatoka mmoja mmoja kuanzia mbele, na watoto wanapokezwa mkono kwa mkono.

Tunakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024. Kwa sababu ya vita, barabara ya Goma na Minova inayopita Sake, kule Masisi, ilikuwa imefungwa, kwa hiyo watu wengi walipita ziwa Kivu. Boti MV Merdi ilitoka Minova imejaa kupita kiasi. Ilivuka ziwa. Ilipinduka ikiwa inakaribia bandari ya Kituku, watu wa nchi kavu wakiiona kwa macho. Siku ile gavana wa Kivu Kusini alitangaza vifo 78. Wale waliopanda hawakuwa wajinga. Njia nyingine ilikuwa imekatwa. Lakini mzigo ulipakiwa Minova, na ni Minova ingewezekana kuupunguza.

Baada ya kuvuka

Kazi haijaisha. Vuteni mtumbwi juu kabisa, mfunge kamba kwenye mti wenye mizizi, si kwenye kijiti. Mvua inaweza kunyesha Masisi usiku, na hapa Walikale nyota zinaonekana. Asubuhi mto umepanda na mtumbwi umekwenda. Ukikaa nchi kavu, uufunike kwa majani, kwa maana jua kali linapasua mti.

Wazazi, wafundisheni watoto kuogelea mahali pa maji madogo, pamoja na mtu mkubwa. Nanyi vijana, mkifika kivukoni na kukuta wengine wanavuta mtumbwi, wekeni mizigo chini mkashike kamba, hata kama si ninyi mnaovuka. Kesho mtakuwa ninyi ndani yake, mvua inakuja, na mtatafuta nani yuko pembeni wa kuipokea kamba.